Kumbukumbu ya mama: hela ya mahema na ng'ombe tunaipeleka kwenye utafiti wa saratani ya umio

Binti wa Hombolo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wa Dodoma wenzangu, mbukwenyi.

Mwezi ujao mama yetu anatimiza mwaka tangu atutoke. Kuna uamuzi familia imeufikia kuhusu kumbukumbu yake na nimeona niulete hapa, maana nilipokuwa natafuta mtu aliyewahi kufanya kitu kama hiki sikupata wa kumuuliza. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Mama alikuwa mkulima wa zabibu kule Hombolo. Amefariki akiwa na miaka 58. Pombe hakunywa, sigara hakuvuta. Alichopenda ni chai. Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kushika njia ya shamba, alikunywa chai ya rangi kwenye kikombe chake cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, na aliinywa ikiwa imetoka jikoni sasa hivi. Kikombe kilikuwa kinaunguza mpaka anakishikia kwa pindo la kanga. Ukimwambia asubiri ipoe, anakujibu chai iliyopoa ni maji ya kusuuzia vyombo.

Ugonjwa ulianzia kwenye ugali. Tonge linakwama katikati ya kifua, anajipigapiga kwa ngumi, anakunywa maji, linashuka. Tukasema anakula haraka. Baadaye akawa anataka mlenda kila siku, mchana na usiku. Mnaoujua mlenda mnaelewa: unateleza, tonge linapita lenyewe. Sisi tukafurahi tukidhani mama amepata hamu ya kula. Hapa ndipo ninapoumia hadi leo. Kwa miezi kama mitatu mlenda ulimsaidia kumeza na papo hapo ukatuficha kwamba njia inaziba. Siku mlenda nao ulipokwama, alikuwa ameshabaki wa kunywa uji tu na kanga inamzunguka mara mbili.

Pale alipoanzia matibabu alipewa dawa za vidonda vya tumbo. Zikaisha, akapewa nyingine. Miezi mitano ikapita hivyo. Alipopigwa kamera, yaani kuingizwa mrija wenye kamera kupitia kooni, na kuchukuliwa kinyama cha kupimwa, majibu yakatoka: saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Safari za Dar zikaanza. Aliwekewa stenti, kile kimrija cha wavu kinachotanua njia, akaweza kunywa maziwa na uji mzito. Akaishi miezi minne.

Kule Dar kuna daktari alinichorea ramani nyuma ya bahasha ya eksirei. Akaanzia Ethiopia, akashuka Kenya, Tanzania, Malawi, mpaka Afrika Kusini. Akasema ukanda huu wote watu wanaumwa umio kwa wingi. Kisha akasogeza kalamu upande wa Ghana na Nigeria: "Huku ni nadra." Nikamuuliza kwa nini. Akasema hilo ndilo wanalolitafuta. Yapo yanayoshukiwa: vinywaji vya moto mno, pombe, tumbaku, moshi wa kuni ndani ya nyumba, lishe duni, afya ya meno. Lakini hakuna jibu moja linalofunga mjadala. Bahasha ile ninayo.

Sasa kumbukumbu. Kikao cha familia kilileta bajeti ya milioni 5 na laki 6: mahema mawili, viti, spika, ng'ombe, vitenge vya sare, mpiga picha. Nikaomba nafasi, nikasema naomba tufanye ibada, tujengee kaburi, wageni wanywe chai na maandazi, na fedha inayobaki, pamoja na michango mingine tutakayoomba kwa jina la mama, iende kwenye utafiti wa huu ugonjwa. Kikao kilikuwa kigumu. Baada ya wiki mbili kikakubali.

Naomba maoni yenu, hasa waliowahi kuchangia utafiti.

Dereva wa Kibaigwa

Pole sana dada. Mungu amrehemu mama. Ila niseme lililo moyoni. Mimi nilimuuguza kaka yangu, saratani ya tezi dume. Wodini nilikuta watu wamemaliza mionzi na hawana nauli ya kurudi Manyoni. Baba mmoja alikuwa anagawana sahani na jirani yake wa kitanda kwa sababu ndugu waliacha kuja. Hela hiyo ungewapa hao, ungeona matunda kesho yake. Utafiti tuiachie serikali na Wazungu wenye mabilioni.

Binti wa Hombolo (mleta uzi)

Kaka Dereva, asante. Hoja yako nimekaa nayo siku mbili kabla ya kujibu, kwa sababu nami nimetoka huko. Kuna mama asiyetujua kabisa alitupa shilingi 40,000 pale nje ya kliniki alipoona tunahesabu sarafu. Siwezi kusema nauli ya mgonjwa ni jambo dogo.

Lakini niliporudi nyumbani nilifungua daftari la michango. Tangu siku ya majibu mpaka siku ya kaburi ndugu na marafiki walitoa fedha nyingi kuliko nilivyodhani familia yetu inaweza kupata. Usafiri, vipimo, stenti, damu, jeneza, gari la msiba, chakula. Kila shilingi ilikuja baada ya ugonjwa kushinda. Hakuna hata moja iliyokwenda kuuliza ugonjwa ulitokea wapi, au kwa nini mama alizunguka miezi mitano na dawa za vidonda. Na dada yangu mkubwa ana watoto wanne, wote wanakunywa chai ya moto kama bibi yao.

Kuhusu mabilioni, nikupe mifano miwili.

Kulikuwa na daktari wa upasuaji pale hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa taya ambao hakuwahi kuuona. Akaanza kuandika barua na kutuma picha kwenye hospitali za Afrika akiuliza nani ameuona uvimbe wa namna hii. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walichukua gari kuukuu aina ya Ford wakaendesha maili zipatazo 10,000, wakipita hospitali hadi hospitali kusini mwa Uganda mpaka Afrika Kusini na kurudi. Wakagundua ugonjwa huo, ambao ni saratani, unafuata sehemu zenye joto na mvua, na nyanda za juu zenye baridi haupo. Ndiyo njia iliyokuja kuuhusisha na malaria. Na vipande vya uvimbe vilivyotumwa London kutoka Uganda ndivyo walimoona, mwaka 1964, kirusi cha Epstein-Barr, cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Kazi ile ilianza na stempu, picha na mafuta ya gari.

Wa pili ni wa kwetu kabisa. Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 na wazazi wao walikubali kuingia kwenye utafiti wa chanjo ya HPV, ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Wengine walipewa dozi moja, wengine mbili, wengine tatu, kisha wakafuatiliwa damu zao. Ikaonekana dozi moja inaacha kinga inayodumu. Pamoja na tafiti nyingine, ukiwamo wa Kenya, Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja mwaka 2022, na Tanzania ikahamia dozi moja mwaka 2024. Leo binti wa shule pale Chamwino anachomwa mara moja na yamekwisha, kwa sababu mabinti wa Mwanza walinyoosha mkono.

Hata hivyo umenigusa. Nimepeleka hoja yako kwenye kikao: laki 8 tumezitenga kwa nauli za wagonjwa.

Dereva wa Kibaigwa

Hapo sawa dada. Hiyo ya Mwanza sikuijua na binti yangu amechanjwa juzi tu. Nitumie namba, nina 20,000.

Muuguzi Mstaafu

Poleni familia. Nimefanya kazi wodini zaidi ya miaka 30, naomba niongeze jambo moja na wenye wazazi vijijini walishike. Umio unatanuka. Ndiyo maana uvimbe unaweza kukua muda mrefu mtu bado anameza vizuri. Akianza kusema tonge linakwama, ujue nafasi imeshapungua sana. Huanza na vigumu kama ugali na nyama, kisha vilaini, mwisho maji na hata mate. Mtu anayekwamwa na chakula na hali hiyo haiondoki ndani ya wiki mbili tatu, na hasa akiwa anapungua, aombewe rufaa ya kipimo cha kamera. Usikubali kuongezewa dawa ya vidonda mara ya tatu bila kuuliza. Uliza kwa heshima, lakini uliza.

Hiyo habari ya mlenda imeniliza. Ni kweli tupu. Wagonjwa wa huku huja wakisema "ninakula vizuri," ukimuuliza anakula nini unasikia mlenda, uji, maziwa.

Mkazi wa Area C

Dada, nia njema ninaiona. Wasiwasi wangu ni mmoja tu. Fedha za michango Tanzania hii tunajua zinavyopotea. Unampa nani? Nani anahakikisha? Mimi nimeshachangia mtoto wa moyo ambaye baadaye nikaambiwa hakuwahi kuwepo.

Binti wa Hombolo (mleta uzi)

Swali halali, na ndilo lililotuchukua muda kuliko yote. Nieleze tulivyofanya, kwa sababu tulikosea mwanzo.

Tulianza kwa namba ya simu ya mdogo wangu. Ndani ya siku tatu hela za kumbukumbu zikachanganyika na hela za mbolea ya shamba. Hazikupotea, lakini hakuna aliyeweza kuonyesha zipi ni zipi, na shangazi mmoja akauliza swali mbele ya watu ambalo lilimvunja moyo mdogo wangu. Alikuwa na haki ya kuuliza. Tukasimamisha kila kitu. Tukafungua akaunti ya benki yenye watia saini watatu: dada mkubwa, binamu wa upande wa baba, na mzee wa kanisa asiye ndugu. Kila Jumapili jioni mweka hazina anabandika orodha kwenye kundi la WhatsApp, jina na kiasi, hata kama ni 1,000.

Wa kumpa: hatukutaka kumpa mtu mfukoni hata awe daktari bingwa. Tuliandika barua kwa chuo kimoja hapa Dodoma kinachofundisha madaktari. Tukajibiwa, tukaitwa. Pale kuna madaktari wanaosoma shahada ya uzamili na kila mmoja lazima afanye utafiti wa tasnifu yake, na wengi wanaugharamia wenyewe. Tulionyeshwa pendekezo ambalo lilinifanya nishindwe kuongea. Daktari anataka kuwafuatilia wagonjwa wenye shida ya kumeza na kujua: tangu tonge la kwanza kukwama mpaka siku ya kamera ilipita miezi mingapi, walipita wapi, waliambiwa nini. Safari ya mama yangu, neno kwa neno, imeandikwa na mtu ambaye hakuwahi kumjua.

Masharti tuliyokubaliana kwa maandishi: fedha hazitoki mpaka kibali cha kamati ya maadili ya utafiti kitoke. Malipo ni kwa kontroo namba ya chuo, risiti inarudi kwetu. Sisi hatutaona jina wala faili la mgonjwa yeyote. Hatuna sauti kwenye matokeo, yakija kinyume na tunavyodhani yatabaki hivyo hivyo. Na matokeo yakikamilika yaletwe Hombolo, yasomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano wa kijiji. Hili la mwisho tuliliomba sisi na walilikubali bila shida.

Daktari Mwanafunzi

Mimi si huyo daktari, lakini niko kwenye hatua hiyo hiyo mkoa mwingine. Watu wanadhani utafiti ni mashine kubwa. Kinachonikwamisha ni nauli ya mgonjwa kurudi kuhojiwa, vocha za kuwapigia waliohama, posho ya msaidizi anayeongea lugha ya wazee wa kijijini, gharama za maabara kusoma vinyama, na mtaalamu wa takwimu. Tasnifu nzuri zinapunguzwa idadi ya wagonjwa kwa sababu mwanafunzi ameishiwa, na ukipunguza idadi, jibu linakuwa dhaifu. Milioni tatu nne zinaweza kuigeuza kazi. Mungu awabariki sana.

Na niwaombe mlio huku: ndugu yako akiombwa kujibu maswali ya utafiti, mwache asikilize maelezo, aulize, aamue mwenyewe. Akikataa, matibabu yake hayaguswi. Muda wake nao ni mchango.

Babu wa Mvumi

Wajukuu zangu, salamu. Nimesoma yote. Mimi ni wa zamani. Kumbukumbu kwetu ni watu kula pamoja. Aliyetoka mbali kuja kumkumbuka marehemu wako, ukampa chai na andazi, moyo wake unaondokaje? Mjomba wenu alisemaje?

Binti wa Hombolo (mleta uzi)

Shikamoo babu. Umeuliza palepale penye moto.

Kaka yake mama, mjomba wetu, ndiye aliyepinga kuliko wote. Alisema dada yake alilisha watu maisha yake yote na sisi tunataka kumfunga mkono kaburini. Nilinyamaza, sikuwa na jibu. Jioni yake nilikwenda kwake peke yangu nikiwa na ile bahasha ya eksirei. Nikamwonyesha mstari. Akaushika muda mrefu, akaweka kidole chake pale kwenye Tanzania, akaniambia: baba yao naye alikufa akiwa hamezi. Miaka ya themanini. Walisema amelogwa, na kuna jirani alihama kijiji kwa ajili hiyo. Mama hakuwahi kutuambia. Hatujui babu alikuwa na nini, hakuna aliyempima, na siwezi kusema ni ugonjwa uleule. Lakini mjomba alisema, "Basi waulize. Waulize kwa niaba yetu wote."

Ng'ombe hayupo, babu, ila mjomba ametoa mbuzi wawili na wanawake wa jumuiya watapika ubwabwa. Hakuna atakayeondoka na njaa. Tulichofuta ni mahema, spika, sare na mpiga picha.

Babu wa Mvumi

Marahaba. Kama mjomba ameridhia, imekwisha. Na mimi nitakuja, nitakaa chini ya mwembe.

Kijana wa Nkuhungu

Dada, kwa nini msiandae mbio? Watu Dodoma wanapenda kukimbia siku hizi, mngepata nyingi.

Binti wa Hombolo (mleta uzi)

Tuliwaza. Kuna kijana wa Kanada, Terry Fox, aliyekatwa mguu kwa saratani ya mfupa mwaka 1977. Mwaka 1980 alianza kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu wa bandia, akiomba dola moja kwa kila Mkanada kwa ajili ya utafiti. Alikwenda siku 143, kilomita 5,373, akasimama saratani ilipofika kwenye mapafu. Alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 22, na watu wanakimbia kwa jina lake kila mwaka hadi sasa. Kile cha dola moja kwa mtu ndicho tulichokichukua: tumeomba 1,000 kwa kila mtu aliyemjua mama. Mbio zenyewe zinahitaji vibali, polisi, gari la wagonjwa na maji, kwa mwaka wa kwanza tungekula fedha yote kwenye maandalizi.

Mama Lishe Sabasaba

Jamani mimi nauza chai. Mmenitisha. Niache?

Binti wa Hombolo (mleta uzi)

Usiache mama yangu. Chai yenyewe haina kesi. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilisema vinywaji vya zaidi ya nyuzi joto 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Kinachotajwa ni moto wake. Watafiti wa hospitali ya KCMC kule Kilimanjaro waliwapimia watu chai pale wanapoanza kuinywa, wastani ukawa zaidi kidogo ya nyuzi 70.

Na sisi tulijaribu nyumbani. Jirani mfugaji alituazima kipimajoto cha maziwa. Dada akapika chai kama ya mama, akamimina kwenye kikombe kilekile cha bati, na mjomba akasema "sasa hivi, hapa ndipo alipokuwa anapiga funda la kwanza." Kikasoma 76. Tukaweka saa. Tukakaa tumezunguka kikombe, hakuna anayeongea, mvuke unapungua. Dakika zilikuwa kama sita kufika 60. Haithibitishi chochote kuhusu mama, najua, daktari alinionya nisijibebeshe hukumu ya kikombe. Lakini watoto wa dada sasa wanahesabu dakika kabla ya kunywa, bila kuambiwa. Wewe wateja wako wamiminie mapema, uwape andazi kwanza.

Mama Lishe Sabasaba

Nitafanya hivyo. Na nimetuma 5,000 ya mama.

Binti wa Hombolo (mleta uzi)

Mrejesho, wakuu. Kumbukumbu imefanyika Jumamosi. Watu walikuwa wengi kuliko tulivyotarajia, babu wa Mvumi alikuja kweli na alikaa chini ya mwembe. Muuguzi Mstaafu naye alifika, akasimama baada ya ibada akaeleza dalili kwa dakika kumi, na mabibi wawili walimfuata pembeni kumnong'oneza. Mmoja ameshapewa rufaa, anapigwa kamera Alhamisi. Mwombeeni.

Kibali cha maadili kilitoka wiki iliyopita. Jumla iliyopatikana ni 4,930,000. Laki 8 za nauli zimekabidhiwa kwa ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini, zilizobaki 4,130,000 zimelipwa chuoni leo saa nne asubuhi. Risiti zote mbili na orodha ya michango nimezibandika hapa chini, aliyechangia aangalie jina lake, likikosekana aniambie leo hii. Daktari anaanza mahojiano Jumatatu. Ameomba msaidizi anayejua Kigogo, na mdogo wangu, yule wa namba ya simu, ndiye atakayekwenda naye.